Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vipindi vya Jioni na Kazi za Kujitolea

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, walimu na maustadhi mlioitika mwito, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Mimi najibu swali mlilotukabidhi mwaka jana: watoto wetu wa hapa Mombasa wanapata nini kwenye vipindi vyetu vya jioni, baada ya shule, na kazi za kujitolea, na je, alama zao zimepanda?

Nianze na alama, maana najua ndizo zilizowaleta wengi. Wapo waliopanda, wapo waliobaki palepale. Siwezi kudai ni sisi tuliowapandisha, kwa kuwa watoto hao hao wana walimu wao, na wengine wana dada wakubwa nyumbani wanaowakagulia madaftari. Ninachoweza kusema bila kutafuna maneno ni habari ya saa. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinamaliza masomo saa 9:30 alasiri, kisha zinatenga muda hadi saa 10:45 kwa michezo na shughuli nyingine. Shule nyingi za mtaani hazina hata uwanja wa kuutumia muda huo. Mzazi aliyevuka feri ya Likoni kwenda kazini hurudi magharibi au usiku. Hapo katikati ndipo magenge ya mapanga yanapowaokota vijana, na humu ukumbini wengi tunawajua waliookotwa. Pengo hilo ndilo vipindi vyetu vinalojaza.

Wanaokwenda chuoni, yaani madrasa, alasiri huja kwetu Jumamosi. Tulipatana na maustadhi mapema, hakuna mtoto aliyelazimishwa kuchagua.

Jumamosi ndiyo siku ya mikoko, na hapa mnivumilie nikawie kidogo. Ratiba ya kazi kwenye hori la Tudor huipanga bahari: siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa asubuhi na kujaa alasiri, kwa hiyo vijana wamejifunza kufuata mwezi na jedwali la maji kabla ya kushika mche. Mbegu za mkoko, zile ndefu, huchomekwa topeni moja kwa moja. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na ndiyo wageni wanayopenda kuipiga picha. Kazi hasa ni kurudi: kuhesabu iliyoshika, kuondoa plastiki iliyozonga machipukizi, kutazama kaa wametafuna wapi, kuandika yote daftarini, kisha kwenda kuwaeleza wavuvi kwa nini upande fulani usiburutiwe mashua. Mvulana mmoja wa Gredi ya 8, ambaye darasani hafungui mdomo, alibishana na mzee mvuvi kuhusu miche iliyokufa akamshinda kwa daftari lake. Mwalimu wake wa hisabati alikuwepo, akacheka mpaka akakaa chini.

Kuunganisha mpira na usafi tumeiga Mathare, Nairobi. Huko chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa 1987, huzipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Kwetu pointi za kusafisha mifereji zimeshaleta ugomvi, nami naona ni dalili njema.

Lakini huduma isigeuzwe kibarua. Tuliombwa watoto wakafagie baada ya sherehe za watu wazima, kamati ikakataa.

Wasichana wangali wachache jioni. Sababu haina fumbo: wanapika, wanachota maji, wanalea wadogo zao, na giza likiingia mama hataki binti awe njiani. Kundi lao sasa humaliza mapema, na ruhusa ipo ya kuja na mdogo mgongoni. Wameongezeka, ila bado. Wazazi, wapeni na wavulana ndoo. Hilo halihitaji bajeti.

Ipo hoja mezani kwamba vipindi vigeuzwe tuisheni, likizo nazo zikiwemo. Naipinga waziwazi. Masomo ya likizo yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Hata ya jioni yana swali lake: mwaka 2010 watafiti wa Marekani, Durlak, Weissberg na Pachan, walikusanya tafiti za programu za baada ya shule. Zile zenye mpangilio wa hatua kwa hatua, ambamo vijana hutenda wenyewe na stadi inayolengwa inajulikana, zilionyesha faida, masomo yakiwemo. Zilizokosa hayo hazikuwa na la kujivunia. Mtoto aliyechoka ukimkalisha tena mbele ya ubao, sioni umempa lipi kati ya hayo.

Baada ya mweka hazina tutapiga kura mbili: hoja hiyo ya tuisheni, na nauli ya vijana viongozi wanaosimamia wadogo. Wenye watoto wa Gredi ya 9 naomba mbaki kidogo. Hao wanahamia shule za mbali, na daftari la mikoko linahitaji mikono mipya kabla ya bamvua lijalo.