Chai ikiwa nyeusi, ndiyo nzuri?

Ndugu Mhariri,

Juzi nilinunua majani ya chai ya gramu 100 kwenye duka la jirani hapa Makole. Kufungua tu pakiti, harufu ya sabuni ya mche ikanipokea. Pakiti yenyewe ya karatasi, ilipangwa rafu moja na sabuni, na majani ya chai hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu. Nikairudisha. Muuzaji akatia kidogo kwenye kikombe cha maji ya moto, kikawa cheusi tii. "Mama, rangi hiyo! Unataka nini tena?"

Ndiyo mizani yetu hiyo, rangi. Mama ntilie wa Soko la Majengo naye huchagua majani yanayokoleza upesi, maana kijiko kimoja kinamtosha birika. Simlaumu, ana hesabu zake. Ila kinachokoleza upesi ni zile chembe laini, daraja linaloitwa dasti. Dasti si uchafu, na ipo nzuri, lakini huwezi kuijua kwa weusi wake.

Nilikulia Mufindi, karibu na kiwanda. Waonjaji walipima gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, wakasubiri dakika 6, kisha wakaivuta chai mdomoni kwa mlio ambao nyumbani ungekupatia kofi, wakatema. Halafu waliyageuza majani yaliyolowa juu ya kifuniko. Rangi ya shaba inayong'aa, wameridhika. Yakiwa ya kijani, hayakuchachuka vya kutosha kiwandani kabla ya kukaushwa. Yakiwa meusi, yamepitiliza. Hilo hata wewe unaweza kuliangalia kwenye chujio lako. Na kabla ya kupika, mwaga kijiko cha majani kwenye karatasi nyeupe: nyuzinyuzi za kahawia ni vikonyo, nawe umevinunua kwa bei ya majani.

Tusiwaonee wafungashaji lakini. Maji yetu ya visima, yale yanayoacha gamba jeupe kwenye sufuria, ndiyo hayohayo yanayoweka utando juu ya kikombe na kuififisha chai. Jaribu kwa maji ya mvua kabla ya kuitukana pakiti.

Ninachowaomba wao ni waandike daraja na tarehe ya kufungasha. Mnadani chai huuzwa kwa madaraja ya ukubwa wa chembe, BP1, PF1 na mengine. Ikifika dukani kwetu herufi hizo hazipo, imebaki picha ya kikombe kinachofuka mvuke.

Pesa yangu haikurudi. Majani yale nimeyatia kwenye viatu vya mwanangu wa sekondari, na kazi ya kunyonya harufu yanaifanya vizuri sana.

Mnywaji wa chai ya rangi,
Makole, Dodoma