Hatupigi kura: barua kutoka Vihiga

Mama Salma mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Vihiga. Sisi hatujambo, mvua imenyesha vizuri na mahindi yanapendeza. Swali lako nimelipenda sana: kanisa lisilobatiza kwa maji wala kushiriki mkate na divai, watu wake hukutana kufanya nini?

Ubatizo tunauamini, ila ni ule wa Roho. Sisi ni Marafiki, ndio hao wanaoitwa Quaker. Imani yetu ilianza Uingereza katika karne ya 17, lakini huku ililetwa na Wamarekani watatu: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Walishukia hapo kwenu Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi Kisumu, na mwaka 1902 wakaweka kambi Kaimosi, penye msitu na mto wenye nguvu ya kuendesha mashine ya kupasulia mbao. Leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya.

Jumapili zetu usizidhani za kimya. Kuna kwaya, ngoma, kayamba na mahubiri, kisha mnada wa sadaka: asiye na pesa ameleta ndizi au kuku, na jogoo mmoja hununuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena. Uingereza Marafiki wengi hukaa kimya saa nzima, na anayeguswa ndiye husimama kusema. Sisi kimya chetu kiko kwenye kikao cha shughuli za kanisa, na hicho ndicho ninachotaka kukusimulia.

Juzi tulikuwa tukiamua matumizi ya pesa za mnada. Vijana walitaka spika. Akina mama tulitaka tangi la maji, maana kukiwa na matanga sisi ndio tunaopanda mlima na mitungi kutoka chemchemi huku sufuria zikingoja mekoni. Maneno yakawa makali. Mwanakwaya mmoja akasema kanisa limekuwa la wazee peke yao.

Karani, ambaye kwetu ndiye anayeongoza kikao, hakuomba mikono iinuliwe, kwa kuwa hatupigi kura. Alifunga daftari lake akasema, "Tunyamaze kwanza." Tukanyamaza muda mrefu, hata nikasikia ndama wa jirani akilia. Kisha akasimama kijana mmoja, naye ni wa upande wa spika. Akasema, "Siku tuliyomzika nyanya yangu nilikunywa chai hapa vikombe viwili. Sikuuliza maji yalitoka wapi." Akaketi. Baada yake mama mmoja akaomba mnada ujao uwe wa vijana. Karani akaandika palepale na kutusomea. Neno moja likapingwa, likarekebishwa, akasoma tena. Tukaitikia wote, "Tunakubali."

Kura ingechukua dakika mbili, Mama Salma. Lakini vijana wangeshindwa, na kinyongo wangekwenda nacho nyumbani. Kwetu mtu akiwa na pingamizi la dhati, jambo husubiri, hata likavuka mwezi. Inachosha, sikufichi, na kuna wenzetu wanaotamani tuwe wepesi zaidi. Mimi nawapinga. Tunalima mlima mmoja na tunazikana. Aliyeshindwa leo kesho ndiye atakayebeba jeneza la wangu.

Unakumbuka fujo zilizofuata uchaguzi wa 2007. Januari 2008 viongozi wa Marafiki walikutana Kakamega kutafuta la kufanya, na watu wetu wakapeleka chakula kwa waliofukuzwa makwao, wakakaa kusikiliza waliofukuzwa na waliowafukuza. Naamini waliweza kwa sababu walikuwa wamezoea vikao kama hiki chetu cha tangi. Ndiyo maana huumia moyo nikiona kimya kinafupishwa ili watu wawahi chakula. Nimeomba karani atuongezee, na nitaendelea kuomba.

Desemba njoo ukae nasi. Mlete na Salma, mabinti wa huku watamfundisha kupika mrenda. Kuku wako atachinjwa na jirani yetu Mwislamu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi wa chakula. Ukifika Nairobi panda basi la usiku, ushuke Chavakali. Nijulishe tarehe mapema nimwambie mwenye pikipiki akungoje stendi.

Baba Salma msalimie sana.

Rafiki yako,
Mama Kageha