Kuipenda gemu hakuifanyi iwe imeundwa vizuri

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja ya msomaji mwenzangu kwamba hakuna gemu nzuri wala mbaya, ila kuna wachezaji wenye ladha mbalimbali. Kauli hiyo ni ya upole na haimkwazi mtu. Hata hivyo naipinga, kwa sababu inawapunja mafundi hodari na kuwakinga wanaolipua kazi.

Tuchukue kitendo kimoja tu, kuruka. Katika Celeste, gemu ya kupanda mlima iliyotoka 2018, mhusika akikimbia mpaka ukingoni mwa jabali, na mchezaji akachelewa kidogo kubonyeza kitufe hata mguu ukawa umeshaacha mwamba, gemu bado inamkubalia aruke. Muda huo wa huruma ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Huwezi kuuona kwa macho, unausikia kidoleni. Waliouweka walijua kwamba jicho na kidole cha binadamu haviendi sambamba, na kwamba bila nafasi hiyo mchezaji angeporomoka huku akiapa kuwa alibonyeza kwa wakati. Mtu alikaa akalipima jambo hilo, akajaribu, akarekebisha, akajaribu tena. Kuuita ustadi huo ladha ni kumvunjia heshima.

Nami Celeste siipendi. Kurudia kipande kilekile mara thelathini kunanichosha, na niliiacha kabla ya kufika kileleni. Lakini sitathubutu kusema ni mbovu. “Haikunipendeza” ni habari zangu mimi. “Imeundwa vibaya” ni habari za gemu, na anayeitamka anadaiwa ushahidi.

Sasa geuza upande wa pili. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, kwenye mashine za kuchezea gemu za PlayStation 4 na Xbox One ilikuwa ikikwamakwama na kuzimika ghafla. Haikupita hata wiki mbili, Sony, wenye PlayStation, wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kuwarudishia wanunuzi fedha zao. Haikurejeshwa mpaka Juni 2021. Je, Sony walikuwa wametofautiana nayo ladha? Na bado wapo waliolipenda jiji la kubuni la gemu hiyo na watu wake tangu siku ya kwanza, na mapenzi yao nayaheshimu. Kipenda roho hula nyama mbichi, lakini nyama haiivi kwa sababu mlaji kaipenda.

Sisemi kila kitu kina kipimo. Death Stranding ya 2019 kwa sehemu kubwa ni kutembea: unabeba mizigo mgongoni, unapanda vilima, unavuka mito, unajizuia usiyumbe ukaanguka. Mmoja anapata humo utulivu asioupata kwingine, mwenzake anasinzia. Gemu yenyewe inafanya kile kile ilichokusudia kufanya, kwa hiyo hapo sina hukumu ya kumpa mtu. Ninachoweza ni kumuuliza ameona nini nisichokiona mimi, na mara kadhaa jibu limenirudisha kwenye gemu niliyokuwa nimeitupa.

Kinachonikera zaidi ni alama. Mhakiki anachukua mambo hayo mawili, ufundi na mapenzi, anayakoroga pamoja na kutupa tarakimu moja, kisha tarakimu hiyo inaamua riziki za watu. Fallout: New Vegas ya 2010 inakumbukwa kwa hili: mmoja wa viongozi wa studio iliyoiunda alieleza hadharani kwamba bonasi yao ilitegemea wastani wa alama 85 kati ya 100 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Walipata 84. Ndani ya pengo hilo la alama moja kulikuwa na hitilafu za kweli ambazo wachezaji walikutana nazo, na kulikuwa pia na wahakiki ambao aina ile ya gemu haikuwavutia tu. Nani awezaye kuvitenganisha sasa?

Ndiyo maana nakuomba, Mhariri, wahakiki wako wavitenganishe mapema. Watueleze kwanza iwapo vitufe vinaitika upesi, iwapo mchezaji akishindwa anajua kwa nini ameshindwa, iwapo kazi aliyoihifadhi ataikuta kesho. Baada ya hapo watuambie walivyojisikia, kwa uhuru wote, hata kama walilia au walichoka. Alama sizihitaji.

Wako,
Mchezaji wa miaka mingi