Serikali ipewe haki ya kukataa, isipewe haki ya kumtoa mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu haya mambo ya nchi kuombana watuhumiwa, maana kila ikitokea kesi kubwa watu wanagawanyika vile vile, huyu anasema sheria ni sheria apelekwe, yule anasema hao sio marafiki zetu tusiwape mtu, na sijaona wengi wakiuliza nani hasa anaamua na anapoamua anaangalia nini.

Msimamo wangu nausema mapema. Siasa za nje ziruhusiwe kufunga mlango mtu asipelekwe, lakini zisiruhusiwe kamwe kuufungua. Yaani mahakama ikisema huyu hapelekwi basi hapelekwi, hata serikali ije na sababu gani ya ujirani mwema. Mahakama ikisema anaweza kupelekwa, hapo ndo waziri awe na ruhusa ya kusema hapana. Na akisema hapana kuna deni analibeba, nitafika huko.

Hii sio ndoto yangu, Uswidi sheria yao iko hivyo. Na tumeona ilivyowasaidia. Mwaka 2022 walipoomba kuingia NATO, ule umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, Uturuki ikaweka masharti, mojawapo wakabidhiwe watu inaowaita magaidi, na Novemba ya mwaka ule Rais Erdoğan akiwa na waziri mkuu wa Uswidi pale Ankara mbele ya waandishi akamtaja mmoja kwa jina, Bülent Keneş, mwandishi wa habari. Sasa hebu jiweke kwenye nafasi ya yule waziri mkuu. Nchi nzima inataka usalama, Urusi imeshaivamia Ukraine, na unachoombwa ni mtu mmoja tu, tena sio hata mwananchi wako. Ingekuwa uamuzi ni wake peke yake, mimi siamini kuna mwanasiasa ambaye asingefikiria kumtoa. Lakini Desemba Mahakama ya Juu ikasema hapana na serikali ikafungwa mikono, na nasema kufungwa mikono kule ndo kulimwokoa hata waziri mkuu mwenyewe maana hata akibanwa vipi hana cha kutoa. Na NATO waliingia, Machi 2024.

Sasa linganisha na kesi ya Meng Wanzhou, mkuu wa fedha wa Huawei, kampuni ya simu ya China. Alikamatwa Vancouver, Kanada, tarehe 1 Desemba 2018 kwa ombi la Marekani, tuhuma ni kuidanganya benki kuhusu biashara na Iran. Tuhuma ya kawaida ya kifedha. Halafu siku chache tu baadaye Trump akiwa rais akahojiwa, akasema angeweza kuingilia kesi kama itasaidia dili la biashara na China. Mhariri, hapo kesi ilikwisha kuharibika, hata kama ushahidi ulikuwa mzuri kiasi gani, kwa sababu rais ameshasema mtu huyu ana bei. China nayo ikawa imeshawakamata Wakanada wawili, Michael Kovrig na Michael Spavor, ikawaweka ndani zaidi ya siku 1,000, na ikawa inakana kuwa kuna uhusiano, mpaka 24 Septemba 2021 Meng akapanda ndege kurudi kwao na siku ile ile wale wawili nao wakaachiwa. Kanada haikuanzisha ugomvi ule, yenyewe ilifuata mkataba tu, lakini wananchi wake ndo walilipa.

Erdoğan naye mwaka 2017 alisema waziwazi kwamba Marekani wampe Fethullah Gülen, mhubiri wa Kituruki aliyekuwa akiishi kwao na ambaye Uturuki ilimlaumu kwa jaribio la mapinduzi, naye atawapa mchungaji wao Andrew Brunson aliyekuwa jela Uturuki. Ubadilishanaji wa mateka unaozungumzwa kwa lugha ya mahakama, sina neno lingine.

Najua nitaambiwa mikataba yenyewe ni siasa za nje, hakuna nchi inasaini na nchi isiyoiamini. Ni kweli na sina shida nayo. Mwaka 2020 baada ya China kuiwekea Hong Kong ile sheria ya usalama wa taifa, Kanada, Australia, Uingereza na New Zealand zilisimamisha mikataba yao nayo. Hiyo ni siasa, lakini ilitangazwa hadharani na inamhusu kila mtu, haikumlenga mmoja.

Penye utata ni pale sheria inapobadilishwa ukiwa unamjua unayemtaka. Miaka ya 80 majaji wa Marekani walikuwa wanakataa kuwakabidhi Uingereza watu wa IRA, kundi lenye silaha lililopigana kuitoa Uingereza Ireland ya Kaskazini, wakisema makosa yao ni ya kisiasa na mkataba unayaacha nje makosa ya namna hiyo. Joe Doherty, aliyehukumiwa Belfast kwa kumuua mwanajeshi wa Uingereza, alikataliwa hivyo Desemba 1984. Kufika Juni 1985 nchi mbili hizi zikasaini nyongeza ya mkataba kuondoa kinga ile kwa makosa ya damu, tena hata kwa makosa yaliyofanyika nyuma. Maseneta wakasita. Aprili 1986 Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, akaruhusu ndege za Marekani ziruke kutoka Uingereza kwenda kuipiga Libya, na Rais Reagan wa Marekani alipowahimiza maseneta waupitishe aliwakumbusha kabisa jinsi Thatcher alivyosimama nao, na Julai ukapita. Mimi simtetei muuaji, na nadhani kinga ile ilikuwa pana mno. Lakini kuipunguza kama shukrani ya vita nyingine, na kurudi nyuma kuwafuata watu wanaojulikana, hilo linanikera mpaka leo.

Sasa lile deni. Kuna wanaosema nikimpa waziri nafasi ya kukataa nitawalinda wakubwa, na mfano wao ni Pinochet, aliyekuwa dikteta wa Chile, ambaye enzi zake watu waliteswa na wengine kupotezwa. Wana haki. Alikamatwa London Oktoba 1998 kwa ombi la jaji wa Uhispania, majaji wa juu kabisa wakasema anaweza kupelekwa kwa makosa ya utesaji, na Machi 2000 waziri Jack Straw akamwachia kwa sababu ya afya, na alipofika Santiago akainuka kwenye kiti cha magurudumu mbele ya kamera. Alikufa 2006 bila kuhukumiwa. Nikifikiria mama aliyemtafuta mwanae miaka yote ile akiona picha ile, kwa kweli sina la kumwambia.

Ndo maana nasema anayekataa kumtoa amshtaki mwenyewe. Hili limo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya utesaji wa 1984, na Senegal ndo iliyofundishwa hivyo. Hissène Habré, dikteta wa Chad aliyetuhumiwa utesaji, alikimbilia kule 1990 alipopinduliwa, Ubelgiji ikamwomba 2005, Senegal ikawa inazungukazunguka miaka, mpaka Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaiambia imshtaki bila kuchelewa au imtoe. Ikaundwa mahakama maalum Dakar pamoja na Umoja wa Afrika, na tarehe 30 Mei 2016 akapewa kifungo cha maisha, na wahanga wakiwa ndani ya ukumbi wanasikia.

Ombi langu kwenu gazetini ni dogo. Mkiandika tena kwamba fulani amekabidhiwa au amekataliwa, tuandikieni pia nani alisema la mwisho, jaji au waziri, na kama ni waziri aliyekataa, mrudi baada ya mwaka mtuambie huyo mtu amefikishwa mahakama gani.

Msomaji wenu wa siku nyingi