Mtoto kaahirishwa, mzazi anauliza kakosea wapi

Shangazi, shikamoo.

Tunakuandikia sisi tunaowasaidia watoto wa familia za Waswahili hapa Marekani kujaza maombi ya vyuo wakiwa darasa la 12. Fomu tunazimudu. Kinachotushinda ni zile wiki mbili kuanzia katikati ya Desemba hadi mwaka mpya, na namna ya kusema na wazazi katika siku hizo.

Wanaoomba mapema kwa utaratibu uitwao Early Decision hutuma kila kitu mwanzoni mwa Novemba, aghalabu tarehe 1. Chuo ni kimoja tu, na ni ahadi. Mtoto, mzazi na mshauri wa shule wote wanatia saini kwamba akikubaliwa ataenda, na maombi mengine yote atayaondoa. Katikati ya Desemba anajibiwa: kakubaliwa, kakataliwa, au kaahirishwa, yaani faili lake litasomwa tena pamoja na waombaji wa kawaida na atajua hatima yake karibu na mwisho wa Machi.

Hilo la kuahirishwa ndilo linalovuruga nyumba. Mzazi aliyesoma Tanzania au Kenya amezoea matokeo yenye daraja. Ana divisheni yake ya kidato cha nne au gredi yake ya KCSE, na akikosa nafasi anaweza kuhesabu alama alizopungukiwa. Jibu la chuo cha huku halina alama wala sababu. Chuo kinachagua kundi zima, kikitazama wanariadha, wapiga muziki, majimbo wanakotoka na masomo wanayotaka kusoma, na mwenye alama za juu kabisa anaweza kuachwa vilevile. Mzazi anauliza, “Umekosea wapi?” Mtoto hana la kujibu. Anajifungia chumbani, siku zinakwenda.

Na siku zenyewe ni za kazi. Vyuo vingi hufunga maombi ya kawaida kati ya tarehe 1 na 5 Januari. Shule zimefungwa kwa Krismasi, mshauri wa shule hapatikani, hivyo nakala ya alama na barua za walimu zisipoombwa kabla ya likizo, fomu ya mtoto inatangulia na karatasi za shule zinabaki nyuma. Wapo pia wanaodhani ile ahadi ingali inawafunga. Ukiahirishwa imekwisha, uko huru kuomba popote. Tunawasihi wawe na insha za vyuo vingine tayari ifikapo Desemba 10, kwa sababu insha sita za siku tatu zinajionyesha zenyewe. Baadhi ya wazazi hukataa. Wanasema tunamchuria mtoto.

Kwa chuo kilichoahirisha, linalofaa ni dogo: barua moja ya ukurasa mmoja, mwezi Januari, yenye mambo mapya tu, kama alama za muhula, tuzo au kazi aliyoianza, na kusema wazi kama bado angekwenda akikubaliwa. Shule nayo hutuma ripoti ya katikati ya mwaka, kwa hiyo masomo yasilegee. Chuo kikisema hakitaki nyongeza, kitiiwe. Barua za mjomba, mchungaji na ustadhi hazimsaidii, nasi tumeshindwa kuwashawishi wazazi wasizitume.

Kisha kuna raundi ya pili ya ahadi, kwa chuo kingine, inayofungwa Januari na kujibiwa Februari. Akina baba wengi wanaitaka mara moja, ili aibu ifutike. Sisi tunaogopa pesa. Chuo chochote kinachopokea fedha za serikali kuu za misaada ya wanafunzi lazima kiwe na kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake, lakini hesabu hiyo huyumba kwa mwenye biashara, na wazazi wetu wengi ni madereva wenye gari lao. Kipesa kinachokwenda nyumbani kila mwezi kikokotoo kwa kawaida hakikiulizi. Mpaka ofisi ya misaada iandikiwe barua. Ni kweli kwamba msaada usipotosha familia inaweza kuomba kufunguliwa ahadi. Ila Februari hiyo vyuo vingine vingi havijajibu, hakuna cha kulinganisha.

Tunaomba ushauri wako. Mzazi aliyetuzidi umri tumwambieje aache swali la “umekosea wapi”, na habari isifike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla mtoto hajatulia, bila yeye kuona tunamfundisha kulea? Je, ni adabu mtoto akiomba kufungua jibu peke yake, ilhali sebule imejaa na bibi yuko kwenye simu ya video kutoka Mombasa? Na baba aking'ang'ania raundi ya pili huku tunaona fedha hazitoshi, tujaze fomu kama anavyotaka, au tukatae hadi akae na ofisi ya misaada ya chuo kwanza?

Tunasubiri jibu lako kabla ya Desemba.

Wasaidizi wa maombi, Marekani