Vita vya Wafilipino havikuisha kwa kukamatwa Aguinaldo

Mhariri,

Makala ya historia mliyochapisha wiki iliyopita yalisema kuwa Wafilipino walipambana na jeshi la Marekani kwa mapanga matupu, na kwamba vita vilikwisha alipotiwa mbaroni kiongozi wao, Emilio Aguinaldo. La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili si kweli.

Aguinaldo alikamatwa Palanan tarehe 23 Machi 1901. Jenerali Funston wa Marekani alimfikia kwa hila: askari wa Kimacabebe, yaani Wafilipino waliowatumikia Wamarekani, wapatao 80 walijifanya wapiganaji wa Aguinaldo mwenyewe, na Wamarekani watano wakajifanya mateka wao. Hata hivyo, kule Batangas, kusini mwa Manila, Jenerali wa Kifilipino Miguel Malvar aliendelea kupigana mpaka 16 Aprili 1902, mwaka mzima na zaidi. Msomaji wa Malindi hapaswi kulishangaa hilo. Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha Wagiriama wampinge Mwingereza, alikamatwa Oktoba 1913 akahamishiwa Kisii, na vita vya Wagiriama na Mwingereza vikaja kuwaka Agosti 1914, baada ya mama huyo kwisha kushikwa mara moja.

Kilichowaweka Wafilipino vitani kilikuwa utawala wa miji. Tangu Novemba 1899 jeshi la Aguinaldo lilivunjwa likawa vikundi vidogo vya kuvizia, na kila kikundi kilitegemea mji wake. Mji ulikuwa na presidente, tuseme liwali, aliyetambuliwa na Wamarekani. Mchana alikaa ofisini akipokea amri zao. Usiku huyohuyo, au jamaa yake, alikusanya kodi na mchele wa kupeleka msituni. Mkulima alilipa mara mbili. Aliyetoa siri aliuawa, na hilo tusilifunike kwa sababu tu tunawapenda wanyonge. Kwa hiyo doria ya Wamarekani ilipoingia kijijini iliwakuta wanaume wanapalilia, bunduki zimefukiwa shambani.

Sasa silaha. Bolo, yaani panga lao la shambani, ndilo walilokuwa nalo wengi. Lakini bunduki zilikuwapo pia, Mauser na Remington zilizotoka kwa Wahispania waliotawala kabla ya Wamarekani. Kilichopungua ni risasi. Wakawa wanaokota maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya: baruti ya kusaga wenyewe, fataki ya vichwa vya njiti za kiberiti, na kichwa cha risasi cha madini ya risasi au bati iliyoyeyushwa. Aliyewahi kushika gobori anajua yatakayofuata. Baruti ikinyonya unyevu wa masika hailipuki, au inalipuka kwa uvivu na risasi haifiki. Ganda lililojazwa mara nyingi huvimba, likanasa ndani ya mtutu, na mpiganaji akabaki anahangaika nalo huku adui anamjia. Zaidi ya hayo, wengi hawakufundishwa kulenga, wakapiga juu ya vichwa vya maadui. Ndiyo maana mwenye bolo hakuwa pambo: mwenye bunduki alipoanguka, kazi yake ilikuwa kuiokota ile bunduki na kutoweka nayo. Mtu angepatikana mwingine, bunduki isingepatikana.

Jenerali wa Marekani J. Franklin Bell alilielewa hili kuliko wenziwe. Hakumkimbiza Malvar milimani kwanza, aliukata mchele. Mapema Desemba 1901 aliamuru watu wa Batangas wahamie katika maeneo maalumu kandokando ya miji yenye kambi za askari, na mwisho ulikuwa tarehe 25 Desemba. Walichoweza kubeba, wabebe. Chakula, mifugo na nyumba vitakavyobaki nje ya mpaka baada ya hapo vingetwaliwa au kuteketezwa. Kisha askari wakalichana jimbo bonde kwa bonde wakichoma maghala.

Ndani ya mipaka ile watu walibanana, na hapo ndipo kifo kilipofanya kazi. Sotoka, ugonjwa uleule uliofyeka ng'ombe wa bara letu miaka ya 1890, ilikuwa imekwisha kuua nyati wengi wa kulimia. Bila nyati shamba la mpunga halilimiki. Tena mbu wa malaria wa kule hupenda damu ya mifugo. Mifugo ikiisha humgeukia mtu. Machi 1902 kipindupindu nacho kikaingia Manila na kusambaa. Malvar alipojitokeza kusalimu amri hakuwa ameshindwa vita vikubwa vyovyote. Watu wake walikuwa wanakufa, na hakukuwa na wa kumpa chakula.

Wazee wa Magarini hawahitaji kuelezwa jambo hili likoje. Mwaka 1914 serikali ya Mwingereza iliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti, lakini lililowaumiza zaidi Wagiriama lilikuwa amri ya kuiacha ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, penye mashamba yao bora. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakatwaliwa, na baadaye njaa ikafuata. Sisemi Mwingereza alinakili kwa Bell. Mtawala anayepigana na watu wasiovaa sare huishia kwenye ghala lao, awe ameelekezwa au hakuelekezwa.

Hata ile tarehe ya 4 Julai 1902, ambayo Rais Roosevelt alitangaza kuwa vita vimekwisha, ni tarehe ya karatasi. Novemba mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya ujambazi, na kuanzia hapo mpiganaji akishikwa alihukumiwa kama mwizi wa njiani. Macario Sakay, mpiganaji aliyekuwa bado hajaweka silaha chini, alishuka kutoka milimani mwaka 1906 kwa kuahidiwa usalama, akakamatwa, na tarehe 13 Septemba 1907 akanyongwa Manila kwa sheria hiyo. Naomba mkichapisha masahihisho mtaje mwaka huo wa 1907 pia, na msimwite mwasi.

Msomaji wenu,
Barani, Malindi