Mti wa chingamu na binamu yake wa Kitgum

Tororo

Kwa ndugu yangu Okello,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. Swali la wanao limenichekesha sana: kama Waingereza wanauita mkaratusi mti wa gamu, mbona ule wa nyuma ya nyumba yenu hautoi chingamu?

Waambie watangoja sana. Mikaratusi asili yake ni Australia, na huo wa nguzo tunaoupanda kila mahali Uganda mara nyingi ni Eucalyptus grandis. Utomvu wake una tanini, kitu chenye ukakasi. Ukiutia mdomoni, ulimi unakakamaa. Ndugu zake ni mpera na mkarafuu.

Chingamu ilitoka kwenye Manilkara zapota, mti wa Mexico, Guatemala na Belize. Vitabu vya zamani vinauandika Achras sapota, usibabaike, ni uleule. Wamaya, wenyeji wa huko, walitafuna utomvu wake karne nyingi kabla Wahispania hawajafika. Mgemaji hupanda kwa kamba wakati wa mvua, akachanja gome kwa panga, mikato ya kwenda upogo, maziwa yakateremka hadi kwenye mfuko chini. Yakichemshwa yanakuwa donge. Jenerali Santa Anna, aliyewahi kuwa rais wa Mexico, alipokuwa uhamishoni New York alimshawishi Thomas Adams ageuze utomvu huo kuwa mpira wa magurudumu. Wapi! Adams akaona heri watu wautafune, na mwaka 1871 akapata hataza ya chingamu yake.

Gamu ya mgunga wa Karamoja, Senegalia senegal, ni kitu kingine. Hiyo huyeyuka majini, ndiyo maana viwanda huitia kwenye soda. Utomvu wa chingamu hauyeyuki: sukari inaisha, donge linabaki. Siku hizi hata huo ni nadra, donge la chingamu nyingi hutengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli. Mimi tangu nijue hilo sina hamu nayo.

Lakini sikia hili. Mti wa chingamu uko ukoo mmoja na yaa wenu wa huko Kitgum, Vitellaria paradoxa, ule mnaokamua moo yaa, yaani mafuta ya shea! Wanao wavunje kikonyo cha jani bichi, wataona maziwa meupe. Kikonyo tu, panga wasiguse. Wachoma makaa wameshaimaliza miti hiyo ya kutosha.

Nitakuja Desemba, Mungu akipenda. Niwekee chupa moja ya mafuta hayo, mama huku ananisumbua kila siku.

Nduguyo,
Wafula